Naomba ushauri: Kombe la Dunia la Saudi Arabia na mdogo wangu fundi

Wakuu, habari za jioni. Nina kibanda umiza, cha kuonyesha mpira, huku Nkuhungu, Dodoma, mwaka wa saba sasa.

Desemba 2022 Morocco walipowatoa Ureno 1-0 kule Qatar na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali, humu ndani watu wazima walikumbatiana wakilia. Mimi pia. Ile furaha sitaki mtu aninyang'anye.

Lakini viwanja vile vilijengwa na vibarua wa Nepal, India, Bangladesh, hata jirani zetu wa Kenya. Kwa miaka mingi mfumo wa kafala ulimfunga mtu kwa mwajiri wake: bila ruhusa ya bosi huhami kazi. Wapo waliorudi kwao kwenye majeneza.

Desemba 2024 FIFA ikaipa Saudi Arabia fainali za 2034, ikiwa mwombaji pekee. Ningebaki kubishana tu na wateja, ila mdogo wangu ni fundi wa zege na kuna wakala anamshawishi aende huko. Mama halali usingizi.

Mteja wangu mmoja, mwalimu, ananiambia mpira ni mpira, siasa tuwaachie wakubwa. Moyo wangu unakataa.

Waliowahi kufanya kazi Uarabuni: mkataba akague nini kabla ya kusaini? Pasipoti ataishika nani? Na nyie wapenzi wa soka, mnazitazamaje mechi hizi mkijua haya?