Naombeni ushauri: napitia kodi ya C inayosoma na kubadili setingi za kifaa, niipitishe?

Mwambao_Lindi: Wakuu habari za jioni. Nipo Lindi hapa, kazini nimepewa kupitia kodi ya C ya kijana mmoja, kaprogramu kadogo ka Linux, kanasoma setingi ya kifaa kwa ioctl, ile amri ya kuongea na kifaa, na ukitaka kanaibadili, mistari haifiki 100, inakompaila bila onyo hata moja. Ila usingizi sipati. Anatumia atoi kugeuza maandishi kuwa namba na mimi nimezoea strtol inayokuwezesha kukagua makosa, hapo tu ndo panaponisumbua. Niipitishe au nimrudishie?

Kipanga wa Ligula: Nimeona kodi nikadhani TRA nikaingia mbio. Ngoja nikae pembeni

Fundi_Masasi: Mrudishie mkuu. atoi mtu akiandika "abc" inakupa 0 kimya kimya na 0 hiyo inaenda hadi kwenye kerneli, moyo wa Linux. Mimi yalinikuta nikiwa Newala, nikaandika 0 kwenye faili la brightness ndani ya /sys/class/backlight, skrini ikawa nyeusi tii, usiku naimulika na tochi ya simu nipate kusoma herufi, wife ananitazama anajua nimerogwa

Bi_Mikindani: Mwanangu, atoi haimnyimi mtu usingizi. Kifaa gani? Na hiyo programu iko wapi sasa hivi?

Mwambao_Lindi: Kifaa cha kawaida tu mama, hilo si la muhimu

Bi_Mikindani: Kifaa gani.

Mwambao_Lindi: Haya. Ni /dev/watchdog, yule mbwa mlinzi wa mashine. Na nilishaipitisha ijumaa, iko kwenye kompyuta ya mzani ghalani, sasa kila tukiiendesha, baada ya kama dakika moja mashine inazima inawaka upya yenyewe, magunia yako juu ya mzani na watu foleni. Ila kodi haihusiki, tunasoma muda tu hatubadili kitu, mi nahisi ni umeme. Halafu aliyeandika ni shemeji yangu, siwezi kuitoa mbele za watu

Kipanga wa Ligula: Kumbe umemfungulia mbwa, ukafunga geti, ukaenda kulala hahahaha

Mzee wa Nachingwea: Kazi na shemeji havipikwi chungu kimoja. Kabla ya daraja la Mkapa 2003 nilisafiri na shemeji yangu kwenda Dar, kufika Rufiji tunasubiri pantoni, nauli yote kaila chapati na chai. Mpaka leo hajarudisha

Bi_Mikindani: Huko kusoma ndo kosa lenyewe. Ukiifungua tu /dev/watchdog saa inaanza kuhesabu, programu isipoipa ishara muda ukaisha inaiwasha mashine upya, hata kama ulitaka kuuliza muda ukaondoka. softdog, mbwa wa programu tupu, kwa kawaida inakupa sekunde 60, ndo hiyo dakika yako. Ukifanya close bila kuandika kwanza herufi V, dereva nyingi (programu zinazoendesha kifaa) zinajua programu imekufa, hesabu inaendelea mpaka mashine iwashwe upya. Na kama nowayout, ile setingi ya kukataza saa isisimamishwe, imewekwa hata V haikusaidii. Muda usomee kwenye /sys/class/watchdog/watchdog0/timeout kama kerneli yenu inayo, cat tu, mbwa humgusi. Na siku mkitaka kubadili kagueni jibu la ioctl, unaweza kuomba 30 dereva akaweka namba yake, anakuandikia humo humo ulimoweka yako

Mwambao_Lindi: Nimeangalia, kuna close(fd) peke yake. Lakini umeme nao juzi ulikatika

Salfa_Tandahimba: Wakuu hii chai. Mwezi wa sita huu watu tuko shamba tunapuliza salfa, korosho hata maua bado, huyu anapima magunia gani na foleni ya nani?

Fundi_Masasi: Eti ee! Na mimi nimemwaga siri za nyumbani kwangu humu

Mwambao_Lindi: Nani kataja korosho? UFUTA. Lindi mwezi wa sita ni ufuta, njoo ghalani ujionee

Salfa_Tandahimba: Mh, ufuta sawa. Bei ikoje huko?

Mzee wa Nachingwea: Na mimi nauliza hapo hapo kwenye bei

Bi_Mikindani: Mwambao, hiyo V imeandikwa au bado?

Mwambao_Lindi: Shemeji hapokei simu