Rafu ya mgrivea juu ya meko: naomba ushauri (Kabale)

Kutoka: Mmarangu wa Kabale
Jumapili, 5 Novemba 2023

Ndugu zangu, salamu kutoka kwenye baridi.

Huu ni mwaka wangu wa tatu hapa Kabale, Uganda. Nyumba tuliyopanga ni ya zamani, ya mawe na matofali ya kuchoma, na sebuleni ina meko ya ukutani yenye dohani. Wenzetu mlioishia Kampala mnaweza kushangaa meko ni ya nini karibu na ikweta, lakini huku tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa saba ukitoka nje alfajiri unaiona pumzi yako. Moto tunauwasha kila jioni. Watoto wanafanyia kazi za shule hapo hapo mkekani.

Juu ya meko palikuwa na rafu ya saruji iliyokwisha kumeguka, na mwenye nyumba ameniruhusu kuiondoa. Wiki mbili zilizopita upepo wa mvua ukaangusha mgrivea mpakani mwa shamba lake, mti mnene ambao mikono yangu haikutani nikiukumbatia. Akaniambia nichukue gogo nikitaka, la sivyo atalipasua kuni. Mimi nimekulia Marangu, Kilimanjaro. Mgrivea ndio ulikuwa kivuli cha kahawa kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, la babu, kwa hiyo kuuona umelala kwenye matuta ya huku, unangoja shoka, kuliniuma.

Ninachotaka ni ubao mmoja mnene wa futi 6. Nyuma uwe umenyooka ukae ukutani, mbele ubaki ukingo wa mti wenyewe na mikunjo yake yote, kama ulivyokua. Mimi si fundi. Nina randa ya mkono, patasi mbili na drili. Niukate unene gani? Unakaukaje kwenye ukungu wa huku? Na moto nao? Fundi wa mtaani anasema niupandishe wiki ijayo tu, moto utaumalizia kukauka.

---

Kutoka: Mkenya wa Ntinda
Jumatatu, 6 Novemba 2023

Kaka, hongera kwa gogo. Nimeshatengeneza rafu mbili za namna hiyo, moja ikaharibika, na ninakuandikia kwa kirefu kwa ajili ya hiyo iliyoharibika.

Tafadhali usiupandishe wiki ijayo. Mti ulioanguka juzi umejaa maji. Ukiuweka juu ya moto, uso wa chini unakauka na kusinyaa wakati katikati bado kubichi, basi ubao unajipinda, unapasuka, na hakuna gundi ya kuurudisha. Rafu yangu ya kwanza ilikuwa ya mvule. Niliuziwa kama mbao kavu, nami sikupima. Mwezi wa pili wa kuwasha moto nikasikia mlio usiku, kama mtu amevunja fimbo. Asubuhi nikakuta ufa wa kupitisha sarafu, kutoka nchani hadi karibu nusu ya ubao. Mti ule ulikuwa umeishi miaka mingi kuliko mimi. Bado unaniuma.

Leo hii, kabla hata ya kupasua, paka ncha zote mbili za gogo rangi ya mafuta au nta iliyoyeyushwa. Maji hukimbilia kutokea nchani, na nyufa huanzia huko. Kisha watafute wapasuaji wa msumeno wa mnyororo, wale wanaopiga mstari kwa kamba iliyopakwa weusi wa betri kuukuu. Ukitaka kubaki na inchi 3, waambie wapasue inchi 3 na nusu, maana kuna kusinyaa na kuna randa. Urefu wape futi 7, upate pa kukata ncha zikipasuka. Na watoe mbao tatu, usiweke matumaini yote kwenye moja. Kiini cha mti kisibaki ndani ya ubao wako, kwa sababu ubao wenye kiini ni mara chache upone. Lakini mbao zilizo jirani na kiini, kushoto na kulia kwake, ndizo za kuchagua: mgrivea ukipasuliwa hapo unatoa madoa yanayong'aa kama hariri, na ni uzuri usioupata kwenye mbao za pembeni.

Gome litoe lote. Najua linapendeza, lakini litabanduka lenyewe baadaye, na chini yake ndiko bungua, wadudu wanaotoboa mbao, wanakojificha. Tumia patasi butu ili usiumize ukingo, halafu sugua kwa brashi ngumu. Ile mbao nyeupe ya nje ndiyo wanayoipenda, kwa hiyo ipake maji ya boraksi mara mbili ikiwa bado mbichi.

Kukausha ni kazi ya subira. Panga mbao chini ya paa, juu ya matofali, mahali penye upepo lakini jua lisifike. Kati ya ubao na ubao weka vijiti vya unene mmoja kila baada ya sentimita 40, na vijiti vya juu vikae sawasawa juu ya vile vya chini, vinginevyo ubao utakaukia kwenye mkunjo. Juu kabisa weka mawe mazito. Kagua matofali kila wiki, mchwa hawana likizo. Mafundi husema mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Huku kwetu inaweza kuwa pungufu, ila usihesabu miezi, pima uzito. Azima mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia magunia, upime ubao uleule kila mwezi. Uzito ukigoma kushuka miezi miwili mfululizo, uingize sebuleni, kona ya mbali na meko, ukae miezi miwili mingine uzoee hewa ya ndani. Ukipata mtu mwenye kipimo cha unyevu, kisome asilimia 12 au chini.

Usijaribiwe kuusafirisha gogo kuja Kampala bila karatasi. Kuna Sheria ya Kitaifa ya Misitu na Upandaji Miti ya mwaka 2003, na mbao zikiwa barabarani huulizwa zimetoka wapi. Pita kwanza kwa afisa misitu wa wilaya ukiwa na barua ya mwenye shamba. Sisi wageni tusisubiri kujifunzia kwenye kizuizi cha polisi.

Sasa moto. Kanuni za ujenzi za Marekani, ambazo mimi hufuata kwa kukosa nyingine niliyoielewa vizuri hivyo, zinakataza kitu chochote kinachoungua kisiwe ndani ya inchi 6 kutoka mdomo wa meko. Kati ya inchi 6 na 12 kinaruhusiwa kuchomoza moja ya nane ya inchi tu kwa kila inchi ya umbali. Kwa maneno mengine, rafu yenye upana wa inchi 10 ni lazima ipite inchi 12 juu ya mdomo. Mimi niliweka 16. Kabla ya kutoboa ukuta, washa moto mkubwa kwa saa tatu, halafu weka kiganja mahali ubao utakapokaa. Ukishindwa kukiacha hapo, panda juu zaidi.

Kuupachika: ubao wa futi 6, inchi 10 kwa 3, utakuwa na uzito wa kilo 20 hivi. Nondo tatu za milimita 16 zinatosha, ziingie sentimita 15 ukutani na karibu hivyo ndani ya ubao. Toboa kwenye tofali zima. Ukitoboa kwenye saruji ya katikati inamumunyika. Matofali yetu ya kuchoma hayalingani, kwa hiyo toboa ukuta kwanza, gandisha nondo kwa gundi ya epoksi, hakikisha kwa pimamaji, kisha bonyeza boksi la karatasi juu ya nondo upate alama za matundu, na alama hizo uzihamishie mgongoni mwa ubao. Gundi iishie ukutani. Ubao hupanuka na kusinyaa kwa upana wake, karibu hausogei kwa urefu, kwa hiyo uache uteleze juu ya nondo zake.

La mwisho, ukipaka mafuta ya kitani, matambara usiyakunje ukayatupa pipani. Yanapokauka yanajipasha moto yenyewe. Yangu yalianza kutoa moshi kwenye ndoo, mchana, mimi nikiwa hatua kumi tu. Yatandaze nje au yazamishe kwenye maji.

---

Kutoka: Muuguzi, Mbarara
Jumatatu, 6 Novemba 2023

Naongeza moja tu. Vumbi la mgrivea huwasha ngozi ya baadhi ya watu, na upele wake unaweza kukaa wiki nzima. Ukipiga msasa vaa mikono mirefu na barakoa, fanyia nje, na uoge kabla ya kumbeba mtoto. Vumbi la mvule nalo hubana kifua, kwa hiyo mwenye pumu asilikaribie.

---

Kutoka: Mama wa Fort Portal
Jumatano, 8 Novemba 2023

Wanangu, hamjambo. Rafu yetu iko juu ya meko mwaka wa nane, na haikupasuka, lakini uso wake wa chini umetoka malengelenge. Tuliupaka vanishi ya kung'aa, moto ukaichemsha. Ningeanza upya, ningepaka mafuta na nta ya nyuki tu, ambayo ikichakaa unaipaka tena bila kukwangua.

Halafu mwanangu wa Kabale, angalia dohani yako kabla ya yote. Kama moshi unarudi sebuleni, kwanza ni hatari kwa watoto wanaosoma hapo, na pili rafu itakuwa nyeusi kabla ya Krismasi. Yetu ilikuwa na kiota cha ndege. Tulipoisafisha, moto ukabadilika kabisa.

---

Kutoka: Mmarangu wa Kabale
Jumamosi, 28 Juni 2025

Shikamoo mama, na salamu kwenu wote. Ni zaidi ya mwaka na nusu, na nilikuwa nadaiwa jibu.

Gogo lilitoa mbao tatu. Moja ilijipinda mwezi wa nne, kosa langu, nilipungukiwa vijiti nikaweka vya unene tofauti. Nyingine mbili zilinyooka. Mizani niliazima kwa mnunuzi wa viazi sokoni, na ikawa desturi: kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi mwanangu mkubwa anaandika uzito ukutani kwa mkaa. Ubao tuliouchagua ulianza na kilo 56. Mwezi Februari mwaka huu ulifika 33, Machi 33, Aprili 33. Tukauingiza ndani.

Dohani ilikuwa na masizi ya kujaza karai mbili. Ahsante mama, nisingeangalia.

Jaribio la kiganja lilinishangaza. Kwenye inchi 12 sikuweza kuvumilia, kwa sababu meko yetu haina kina na moto unakaa mbele. Nimepandisha hadi 18, na hapo pana uvuguvugu tu. Ukingo wa mbele una bonde mahali tawi lilipokuwa, na ufa mfupi pembeni yake. Huo nimeufunga kwa kipande cha mvule chenye umbo la kipepeo, nilichokata kutoka kwenye mguu wa kiti kibovu. Kukichongea nafasi kwa patasi kulinichukua siku mbili na nilifurahia kila dakika. Yale madoa ya hariri yapo, na moto ukiwaka yanatembea.

Mwenye nyumba alikuja jana, akasalimia "Agandi" mlangoni, kisha akanyamaza na kupitisha mkono ukingoni kutoka mwisho hadi mwisho. Mti huo aliupanda baba yake.

Ubao wa pili bado upo, futi 7, mkavu, hauna ufa. Mama, kama ile yenye malengelenge imekuchosha, tunapita Fort Portal mwezi wa nane. Nipimie upana wa meko yako na umbali kutoka mdomoni hadi rafu ilipo, nami nitaanza safari ya kwa afisa misitu mapema.