Hivi kile kidoti kwenye picha ya nyota wanajuaje ni sayari?

Mwl_Fizikia_Moshi
Habari za jioni wakuu. Mimi nafundisha fizikia kidato cha tatu hapa Moshi. Leo nimeingia darasani na picha niliyochapisha steshenari, ile ya nyota HR 8799, katikati kuna duara jeusi na pembeni vidoti vinne. Nikawaambia watoto hizi ni sayari za jua lingine kabisa, umbali wa miaka nuru 133 hivi, na zimepigwa picha kwa darubini. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono, "mwalimu, vidoti kama hivyo hata mimi naweza kuviweka kwa kompyuta, na wanajuaje sio nyota nyingine tu iliyo nyuma yake?" Darasa zima kimya, wananiangalia mimi. Nilimjibu juu juu na imeniuma tangu saa nne asubuhi, sababu swali ni zuri na anastahili jibu. Kipindi kijacho ni Alhamisi. Mwenye kujua anisaidie.

Kamera_Ngarenaro
Ticha hongera kwa kuwa na mwanafunzi wa hivyo. Mimi ni mpiga picha hapa Arusha, harusi na vipaimara, mambo ya anga najisomea mwenyewe, kwa hiyo nitajibu kipande ninachokijua. Simama barabarani usiku pale Boma Ng'ombe lori lije limewasha taa fulu, huoni namba, huoni dereva, huoni hata utingo aliyening'inia mlangoni. Nyanyua kiganja uizibe ile taa, utingo huyo hapo. Lile duara jeusi la kwenye picha yako ndio kiganja chenyewe, kinaitwa koronagrafu, alikibuni Mfaransa Bernard Lyot miaka ya 1930 ili aone mwanga hafifu unaolizunguka Jua bila kungoja lipatwe. Siku hizi wanazibia nyota. Na lazima uzibe, maana mtu akiwa mbali huko akaliangalia Jua letu na Mshtarii pembeni, Jua linang'aa mara bilioni moja hivi zaidi. Mimi gauni jeupe na suti nyeusi kwenye jua la saa saba tu vinanitoa jasho, sembuse bilioni.

Dada_wa_Sakina
Kaka umeeleza vizuri, naomba niendelee hapo maana nimesoma fizikia chuo na hii kazi ya kupiga picha sayari za mbali ndio niliyoifanyia mradi wa mwaka wa mwisho, naipenda mno.

Mwalimu, kuziba nyota ni mwanzo tu. Kuna hewa. Umeona lami ya kuja Arusha saa nane mchana inavyochezacheza kule mbele kama maji, basi hewa iliyo juu yetu inaufanyia hivyo hivyo mwanga wa nyota. Ndani ya darubini wanaweka kioo chembamba chenye visukumio vidogo vingi mgongoni, kompyuta inapima mwanga umepinda vipi na kioo kinajikunja kuunyoosha, mara elfu moja hivi kwa sekunde. Hata hapo mwanga bado unavuja pembeni ya kizibo na kuacha madoa, na haya madoa ndio mtego wenyewe, doa moja na sayari ni kama mapacha.

Sasa hapa ndipo pananifurahisha. Panda basi la Moshi kwenda Arusha asubuhi, kaa dirisha la kulia, kioo kina tope. Unaona kitu cheusi kwenye mteremko wa Kibo, ni mwamba au ni tope? Subiri basi likate kona. Kibo inahama dirishani pamoja na miamba yake, tope linabaki palepale. Ndivyo wanavyofanya. Dunia ikizunguka, kamera wanaiacha isifuate mzunguko wa anga, kwa hiyo saa moja au mbili zikipita kile kidoti cha kweli kinakuwa kimesogea kuizunguka nyota kwenye picha, wakati madoa yanayotoka kwenye vioo vya darubini yenyewe hayajaenda popote. Kompyuta inafuta kisichohama. Kwa hiyo binti yako ana haki nusu, kompyuta imefanya kazi kubwa, ila kazi yake ilikuwa kufuta, sio kuchora.

Swali lake la pili ndio zito zaidi na jibu lake ni subira. Nenda pale soko la Memorial siku watu wamejaa, unamuona mtoto kasimama karibu na mama anayechagua mitumba. Ni wake? Ukipiga picha moja huwezi kujua. Subiri mama aondoke, akiwa wake ataondoka naye. Nyota zote zinasafiri angani, kila moja na njia yake, mwendo mdogo lakini unapimika. Kidoti kikiwa ni nyota ya mbali huko nyuma, baada ya mwaka mmoja au miwili kinaachwa. Kikiwa ni cha ile nyota kinasafiri nayo, na juu ya hapo kinaizunguka. Sayari tatu za HR 8799 zilitangazwa Novemba 2008 na timu ya Christian Marois wakitumia darubini za Gemini na Keck kule Hawaii (mlima wenyewe, Mauna Kea, una mita 4,200 hivi, Meru yetu inauzidi), ya nne ikaja 2010. Mwanaastronomia Jason Wang ameunganisha picha za Keck za miaka 12 zikawa video fupi, unaziona zote nne zinatembea kwenye njia zao. Muoneshe hiyo binti, usimpe maneno.

Na mwambie kushuku ni halali kabisa. Mwezi huohuo wa Novemba 2008 ilitangazwa pia sayari ya nyota Fomalhaut, picha ya darubini ya Hubble, dunia nzima ikaishangilia. Wakaendelea kuiangalia, kidoti kikazidi kufifia na kutanuka mpaka hakionekani. Mwaka 2020 watafiti wakaeleza kwamba inaelekea lilikuwa wingu la vumbi la vitu viwili vilivyogongana. Waliogundua kosa hilo ni wanaastronomia wenyewe wanaoangalia vidoti, hakuna mtu wa nje aliyewaumbua.

mdau_kimya
Sa mbona zina rangi nzuri hivyo? Hapo ndio mi nakwama

Kamera_Ngarenaro
@mdau_kimya rangi wanazipaka, hilo ni kweli. Wanapiga kwa mwanga wa joto ambao jicho halioni, kwa sababu sayari hizo ni changa, bado zina moto wa kuzaliwa kama mkaa uliotolewa jikoni, na kwenye mwanga huo tofauti yake na nyota inapungua sana. Sasa mwanga usioonekana utauonesha kwa rangi gani, lazima uchague.

Mtembeza_Wageni_Marangu
Mwalimu shikamoo, mimi ni wa huku Marangu, wageni wangu huwa nawaonesha nyota. Anza na Sirius maana watoto wanaweza kuiona kwa macho yao. Mwaka 1844 Mjerumani Bessel alisema Sirius inayumba njiani, kuna mwenzake asiyeonekana anayeivuta. Hakuna aliyemuona mpaka 1862, Mmarekani Alvan Graham Clark alipokuwa anajaribu lenzi mpya akakiona kidoti pembeni. Miaka 18 baadaye mzee wangu! Na mbinu hiyohiyo inatumika leo, wanalinganisha vipimo vya mahali pa nyota vya vyombo viwili vya angani, Hipparcos na Gaia, nyota inayoyumba ndiyo wanaielekezea kamera. Sayari ya nyota AF Leporis ilipatikana hivyo, 2023.

Mwl_Fizikia_Moshi
Marahaba mwanangu, na asanteni sana wote. Ile ya basi na tope naibeba nzima, wengi wao wanapanda hiyo njia kila likizo. Sasa kuna nyota yoyote iliyopigwa picha na sayari yake ambayo naweza kuwaonesha watoto wa bweni kwa macho tu, bila darubini?

Dada_wa_Sakina
Ipo, Beta Pictoris, na ndio ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 2003 waliona kidoti upande mmoja wa nyota kwa darubini ya VLT kule Chile. Wakarudi baadaye, hakuna kitu. Mtu mwingine angekata tamaa. Vuli ya 2009 timu ya Anne-Marie Lagrange wakakikuta upande wa pili, kilikuwa kimepita mbele au nyuma ya nyota.

Mwezi huu wa pili katikati, saa tatu na nusu usiku, taa za bweni zikizimwa, angalieni juu kabisa mtaiona Sirius. Shukeni kusini mtakuta nyota nyingine kali, Canopus. Nyoosha mkono, weka vidole vitatu kulia kwa Canopus, hapo kuna nyota hafifu, ndiyo hiyo. Mwanga watakaouona uliondoka kule miaka 63 hivi iliyopita, nchi yetu ndio kwanza imepata uhuru.

Mwl_Fizikia_Moshi
Nimetoka nje sasa hivi kuijaribu. Wingu limeshuka kutoka mlimani limefunika kusini yote, Sirius tu ndio naiona. Nitaamka saa nane nitazame tena.

Mtembeza_Wageni_Marangu
Saa nane itakuwa imeshalala chini kusini-magharibi mzee, huioni. Kesho saa tatu. Huku kwetu sasa hivi kweupe, nimeiweka vidole vitatu, ipo.