Darasa la kugeuza kwenye hesabu: video, karatasi au tubaki na ubao?

Mwl_Kipeuo: Habari za jioni walimu. Nina kidato cha pili, shule ya kutwa, watoto 62. Muhula huu nimejaribu darasa la kugeuza, yaani somo mtoto analipitia nyumbani af darasani ni maswali tu, kama walivyofanya Bergmann na Sams, walimu wa kemia kule Colorado Marekani, mwaka 2007. Nikarekodi kukamilisha mraba (njia ya kutatua milinganyo yenye x²) kwa simu, dakika 7, nikatupia kwenye grupu la wazazi. Kiukweli walioiona ni robo tu, simu ni ya baba na baba anarudi saa nne usiku, bando lenyewe limeisha. Wiki iliyofuata nikawapa karatasi moja, mifano miwili imekamilika, wa tatu nimeuacha katikati aumalizie mwenyewe, karibu wote wakaja nayo. Nyie mnaonaje?

BintiMoro: Mi bado nipo na video. Mtoto mzito anairudisha hata mara tano na hamna anayemcheka. Bando lisikutishe, wangu wanarushiana kwa bluetooth bure.

MzeeWaChaki: Huku kwetu bweni, simu marufuku, kwahiyo video sahau. Na karatasi haijibu swali, hesabu mtoto amwone mwalimu anaandika.

Mwl_Kipeuo: Shikamoo mwalimu. Nakubali, ila kipindi ni dakika 40 na mimi nilikuwa naandika ubaoni 30, wakikwama wanakwama nyumbani peke yao. Juzi napita kwenye madawati nakuta binti kaandika (x+3)² = x² + 9, kaacha 6x ya katikati. Nikamchorea mraba, kila upande nimeugawa vipande viwili, x na 3, nikamwambia jaza eneo la vyumba vyote vinne. Akajaza, akakaa kimya, af akasema "kumbe 3x ziko mbili". Zamani hilo kosa ningelikuta kwenye mtihani, nimeshachelewa.

MzeeWaChaki: Marahaba. Hapo nimekuelewa. Sasa asiyeisoma unamfanyaje?

Mwl_Kipeuo: Anakaa mbele dakika 10 za mwanzo anaisoma, wenzake wanaendelea na maswali. Simchapi wala simfukuzi, nilishaona anayefukuzwa kesho haji kabisa.

MamaZuu: Na kopi 62 kila wiki nani analipa?

Mwl_Kipeuo: Nilianza kwa mfuko wangu nikashindwa. Sa hivi naiandika ubaoni kipindi cha mwisho, wanakopi kwenye daftari ndo wanaondoka.