Naomba ushauri: INS (mfumo wa sensa za mwendo) ya boti, uelekeo unagoma kutulia tukiwa mwendoni

tanga_la_mbele: Wakuu, nasawazisha INS (naipatia mwinamo na uelekeo wa kuanzia) boti ikiwa inatembea, kasi natoa kwenye GPS. Mwinamo unatulia ndani ya dakika moja, ila uelekeo unazurura tu. Nimeanza kuhama EKF kwenda UKF (zote ni filta za Kalman, za kuunganisha vipimo vya sensa). Alfa, kile kigezo cha mtawanyo cha UKF, niweke ngapi?

BiVekta: Alfa isubiri. Jairo (kipima mzunguko) ni ya aina gani?

mzee_wa_mihimili: Vijana bwana, filta ikisumbua mnabadilisha filta. Mwinamo ni rahisi kwa sababu mvutano wa dunia upo muda wote: kosa la akselerometa (kipima mchapuko) la mg 1, yaani sehemu ya elfu ya mvutano huo, linakupa mwinamo wa milirediani 1, basi.

tanga_la_mbele: Jairo ni nzuri tu.

BiVekta: Nzuri ya kosa la digrii ngapi kwa saa?

tanga_la_mbele: MEMS (ya chipu ndogo), 8. Lakini UKF inahimili makosa makubwa ya pembe, na nusu ya programu nimeshaiandika.

BiVekta: Dunia yenyewe inazunguka digrii 15 kwa saa. Jairo hutafuta kaskazini kwa kuhisi mzunguko huo, kwa hiyo kwa kosa la 8 unakosea karibu digrii 30, tena kwenye ikweta, penye nafuu kuliko kote. UKF haileti taarifa ambayo haipo. Ongeza kasi, punguza, kata S. Chombo kikienda moja kwa moja kwa kasi ileile, kosa la uelekeo halionekani.

tanga_la_mbele: S nimeshakata. Sigma (shaka ya filta juu ya uelekeo) ilishuka hadi digrii 0.1!

chumvi_kavu: Hii chai. Digrii 0.1 kwa MEMS hiyo? Boti unayo kweli, au ni simulesheni ya darasani?

tanga_la_mbele: Boti ipo! Hiyo 0.1 ni ya matriki P (shaka ambayo filta inajikadiria yenyewe), sijailinganisha na kipimo kingine. Halafu antena iko mlingotini, mita 3 kutoka kwenye sensa. Sikuiweka kwenye modeli, niliona ni kidogo.

chumvi_kavu: Aisee. Basi chai imeingia tangawizi.

BiVekta: Boti ikiyumba digrii 10 kwa sekunde, mita 3 hizo zinazaa 0.52 m/s za uongo. Sasa kosa la uelekeo la digrii 5, ukiongeza kasi kwa 6 m/s, linazaa 0.52 m/s vilevile. Filta itatofautishaje? Weka ω × r (kasi ya mzunguko mara umbali wa antena), pima ucheleweshaji wa GPS, ongeza Q (kelele ya modeli). Kisha kagua mraba wa inovesheni (tofauti ya kipimo na utabiri wa filta) uliogawanywa kwa kovariansi yake (mtawanyiko unaotarajiwa): kwa vipimo vitatu vya kasi, wastani uwe karibu na 3.

tanga_la_mbele: Kwa hiyo UKF niendelee nayo?

mzee_wa_mihimili: Anza na uelekeo wa njia ya GPS, sigma digrii 10 maana mkondo unasukuma boti ubavu. Hapo EKF inatosha.

tanga_la_mbele: Sawa mzee. Ila UKF siifuti.