Tupeane uzoefu: gemu za kaseti kwenye TV ya chogo, na ramani tulizochora wenyewe

Mtoto wa Mwanga

Wakuu, habari za jioni. Juzi nilikuwa nasafisha stoo ya nyumbani kwetu Mwanga, hapa Kigoma, nikakuta daftari langu la hesabu la darasa la tano. Mbele kuna kugawanya kwa njia ndefu. Nyuma, kurasa zote ni vifaru.

Waliocheza watanielewa. Ile gemu ya vifaru jina lake ni Battle City, ya Namco, ilitoka Japani mwaka 1985 kwa ajili ya Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo. Kwetu ilifika miaka mingi baadaye, ndani ya zile mashine za kuiga. Kaka aliileta kwa treni kutoka Dar, ameifunga kwenye kanga ya mama isigongwe. Kaseti ya njano, imeandikwa gemu 9999, ukizipitia unakuta ni zilezile zinajirudia kwa majina mengine.

Pale mwanzo kulikuwa na mchezaji mmoja, wachezaji wawili, na chaguo la tatu limeandikwa Construction. Wengi walilipita. Binamu yangu alilibonyeza siku moja, uwanja ukabaki mweusi, tai, yule unayemlinda asipigwe na vifaru vya adui, yuko chini katikati peke yake. Ukibonyeza A linatokea tofali. Ukiendelea kubonyeza linageuka chuma, maji, kichaka, barafu. Ukimaliza unabonyeza Start, unaicheza ramani uliyoijenga wewe. Sijasahau ule ukimya sebuleni.

Shida ni kwamba mashine haikutunza kitu. Ukizima, ramani imekwenda. Na Kigoma ile, kabla hatujaingia gridi ya Taifa, umeme ulikuwa wa majenereta na ukikatika haukuagi. Ndipo tukaanza kuchora kwenye daftari. Tulihesabu kwa kidole juu ya kioo: miraba 13 kwa 13. T ni tofali, C chuma, M maji, K kichaka. Umeme ukirudi, mmoja anasoma, mwingine anajenga.

Tukajifunza mambo ambayo hakuna aliyetufundisha. Maadui ni 20, wanatokea juu, pembe mbili na katikati. Ukimzungushia tai maji, kifaru hakifiki lakini risasi inapita juu ya maji na kumuua. Ukimzungushia chuma tupu, hakuna hatari tena na gemu inakosa utamu. Pembeni mwa ramani moja binamu ameandika kwa penseli: "toa C mbili, ni rahisi mno." Alikuwa na miaka kumi na moja.

Nawaomba wa Kigoma na Tabora mlete zenu.

Kibirizi Asubuhi

Mkuu umenigusa. Sisi hatukuwa na mashine nyumbani, tulicheza kwenye banda la video Ujiji, shilingi 50 mpaka roho, yaani nafasi zako za kufa, ziishe. Basi kuna kaka mmoja akaja na siri ya Contra, gemu ya askari na risasi: juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A. Unapata roho 30. Mzee wa banda alishangaa watoto hawainuki. Wiki iliyofuata akaanza kutoza kwa saa ya ukutani.

Ukubwani nikasoma kuwa siri ile ilianzia kwa Kazuhisa Hashimoto wa Konami, kampuni iliyotengeneza Contra. Alikuwa anaandaa gemu nyingine, Gradius, toleo la mashine ya nyumbani, mwaka 1986, akaona ni ngumu kuijaribu mpaka mwisho, akajiwekea njia ya kujisaidia. Chombo cha fundi kikafika mpaka Ujiji.

Dada wa Gungu

Mimi ni ile ya kupiga bata kwa bunduki. Nimenunua mashine mpya kwa ajili ya wanangu, bunduki haipigi kitu kwenye TV ya flati. Nimeambiwa ni mbovu. Ni kweli?

Isevya

Si mbovu, dada. Bunduki ile hairushi chochote, inapokea mwanga. Ukivuta kifyatulio, kioo kinakuwa cheusi kwa kufumba na kufumbua, kisha bata anageuka kisanduku cheupe. Bunduki ikiona weupe kwa wakati uleule, umempata. TV ya chogo inachora picha papo hapo, flati inachelewa kidogo, na kuchelewa huko kunatosha kuharibu hesabu. Tafuta chogo kwa mafundi, bado zipo.

Yangu ni ya Tabora. Shuleni kulikuwa na kompyuta moja yenye QBasic, lugha ya kuandikia programu, na ndani yake gemu ya nyoka, Nibbles, anayekula namba 1 hadi 9. Mwalimu alitufungulia maandishi yenyewe ya programu. Nikaona mstari wa roho, umeandikwa 5. Nikaweka 50, nikaendesha, nyoka akawa na roho 50. Nilitetemeka mikono. Mpaka siku ile nilidhani gemu zinatoka kiwandani kama baiskeli. Leo naandika programu, na njia yangu ilianzia kwenye ile tano.

Karabai

Mimi nimeanza ukubwani. Nimetengeneza na wapwa zangu gemu ya dagaa kwa Scratch, programu ya watoto ya kujengea gemu, ambayo ukishaiweka kwenye kompyuta inafanya kazi bila intaneti. Mtumbwi uko ziwani usiku, unawasha taa, dagaa wanasogea, unavuta wavu. Mwanzo ilichosha, kila usiku ulifanana. Mpwa wa miaka tisa akauliza, "Mjomba, mbona mwezi hautoki?" Baba yake ni mvuvi, anajua mwezi ukiwa mkubwa taa haina nguvu, watu wanapumzika. Tukauweka mwezi. Sasa unahesabu siku, unatunza mafuta ya taa kwa ajili ya usiku wa giza, na watoto wa mtaa wanapanga foleni.

Mtoto wa Mwanga

Karabai, huyo mpwa mpe daftari la miraba.

Nimempigia binamu, yuko Kasulu. Nikamsomea ramani ya ukurasa wa mwisho, mstari kwa mstari, T T M M K. Kabla sijafika wa sita akanikatiza: "Hapo katikati usiweke chuma, tulikubaliana tofali." Nimeangalia. Ni tofali.