Acheni kumpeleka mgeni kwenye Thief: Deadly Shadows, gemu iliyokatwa vipande

Assalaam alaykum wadau.

Nimefungua uzi huu kwa hasira na sina haja ya kuificha. Juzi kijana mmoja wa Wete kauliza hapa kwa adabu kabisa: ana kompyuta ya mtumba isiyo na nguvu, anataka kuingia kwenye gemu za kunyata na kujificha, aanze na ipi. Watu wakamjibu mbio mbio, aanze na Thief ya tatu, Deadly Shadows, eti ndiyo yenye grafiksi za kueleweka, zile mbili za mwanzo aachane nazo. Yakhe, hiyo gemu mmeicheza au mmeangalia picha zake? Kijana yule atakaa nayo jioni moja, ataona milango iliyoziba kwa ukungu, ataona gemu inazima na kuwaka, atasema kumbe gemu za kunyata ndizo hizi, na hatorudi tena.

Nianze na ilikotoka. Thief ya kwanza ilitoka mwishoni mwa 1998. Ya pili, The Metal Age, ikaja Machi 2000. Zote mbili kazi ya Looking Glass Studios wa Massachusetts, Marekani. Mei 2000, ya pili haijapoa bado sokoni, studio ikafungwa. Baadhi ya watu wake wakahamia studio ya Ion Storm ya Austin, Texas, kwa Warren Spector, mbunifu wa gemu, na huko ndiko ilikotengenezwa ya tatu, ikatoka 2004 kwa kompyuta na kwa Xbox, mashine ya gemu ya Microsoft, kwa pamoja. Hiyo Xbox ishikeni, nitairudia.

Gemu ya kunyata inataka kitu kimoja kabla ya vyote: pahala pawe pamoja. Mlinzi aliyekuona lazima aweze kukufuata popote unapoweza kwenda wewe. Mguu uliokanyaga vigae huku lazima usikike chumba cha pili. Ukipita mlango ukauacha wazi, lazima ubaki na wasiwasi wa mlango ule mpaka unaondoka. Bila ya hivyo hamna kunyata, kuna kutembea polepole tu.

Kwenye The Metal Age kuna steji inaitwa Life of the Party. Garrett, yule mwizi unayemchezesha, yuko juu ya mapaa, anauvuka mji kwa juu kwa juu mpaka mnara wa Angelwatch, kisha anaingia mnarani kwenyewe. Njiani ukipenyeza dirishani kwa mtu, unakuta nyumba yenye watu na mambo yao, na vitu vya kuiba ambavyo hakuna aliyekutuma. Paa, nyumba na mnara, yote hayo ni steji moja. Hakuna pahala gemu inapokusimamisha ikakwambia ngoja. Mwaka 2000 huo, kwenye kompyuta ambazo leo hata fundi wa Darajani hazitaki.

Sasa njoo Deadly Shadows. Kasri la Rutherford limekatwa. Jumba la makumbusho limekatwa. Mji wenyewe ndio usiseme: South Quarter kipande chake, Stonemarket kipande chake, Docks kipande chake. Baina ya kipande na kipande umesimama ukungu wa buluu, mlangoni au katikati ya njia. Ukiuingia inakuja skrini ya kulodi, unasubiri, unatokezea upande wa pili. Na walinzi hawaupiti. Hili nataka mlielewe vizuri, maana wengi mnalipita kama kidoa kidogo. Umo ndani ya nyumba ya mtu, mkufu umeshautia mfukoni, umekanyaga pasipo, mlinzi kageuka, kakuona, kapiga ukelele na upanga keshachomoa. Unakimbia. Unakata kona, ukungu ule pale, unajitosa. Basi, yamekwisha. Upande wa pili kimya, hana habari mtu. Hofu yote iliyojengwa kwa mwanga, kwa sauti na kwa subira yako inafutwa na skrini ya kulodi.

Sisi tuliokulia Mji Mkongwe tunajua kufukuzwa vichochoroni. Tulicheza kibe baina ya Hurumzi na Kiponda, na ukikata kona ya kwanza hujasalimika, maana anayekutafuta naye anazijua kona. Kinachokuokoa ni kujua kichochoro kipi kinatokea njia kuu na kipi kinaishia kwenye ukuta wa nyumba ya watu. Thief mbili za mwanzo zinakulipa kwa kujua pahala namna hiyo hiyo. Ya tatu inakulipa kwa kujua ukungu uko wapi.

Kwa nini wakakata? Xbox ile ya kwanza ilikuwa na memori ya MB 64, na hizo hizo zinagawanywa baina ya programu na michoro. Steji lazima ienee humo. Kompyuta za 2004 zilikuwa na nafasi kubwa kuliko hiyo, lakini sisi wa kompyuta hatukutengenezewa steji zetu, tulipewa zile zile zilizobanwa. Juu ya hapo wakachukua injini ya Unreal, yaani programu ya msingi inayoendesha gemu, wakaibadilisha, wakaipa taa za namna mpya: kila mlinzi, kila kiti, kila pipa linatupa kivuli papo hapo, kivuli chenye kingo kali kinachotembea taa ikitembea. Injini hiyo hiyo iliibeba Deus Ex: Invisible War ya 2003, gemu nyengine ya Ion Storm, na steji zake nazo zikatoka finyu, watu wakalalamika kabla ya Garrett kufika. Walikuwa na onyo mkononi.

Vivuli vya aina hii ni ghali mno. Kwa kila taa, kompyuta inapiga hesabu ya umbo la kila kitu kilichoguswa na taa hiyo. Ikiwepo taa ya pili, hesabu inaanza upya. Ongeza mwenge ukutani, ongeza mlinzi mwengine na mwenge wake mkononi, kazi inazidi kuzidi. Kwa hiyo mbunifu wa steji anabanwa kila upande: chumba kisiwe kikubwa, taa zisiwe nyingi, walinzi wasikusanyike. Na ndivyo ilivyokuwa. Vyumba vidogo, njia fupi, mlinzi mmoja hapa, mmoja pale.

Nitasema haki yao: kivuli cha mlinzi kinachotangulia kwenye kona kabla ya mwenyewe kufika ni kitu kizuri khasa. Ukikiona unashusha pumzi na kurudi nyuma bila kuambiwa. Lakini angalieni kilicholipwa kwa ajili yake. Zile za mwanzo zilipiga hesabu ya mwanga mapema na kuihifadhi pamoja na steji, hata ya mwenge unaozimika kwa mshale wa maji, na kile kito cha chini ya skrini kilikwambia umo gizani au umo mwangani, ikatosha. Mwizi anataka kujua anaonekana au haonekani. Wao wakauza mji mzima wanunue kivuli cha pipa.

Na hata hivyo vipande vyenyewe haviendi vizuri! Kwenye kompyuta, kila unapovuka ukungu, programu nzima inajifunga na kujifungua upya. Sizungumzii steji kubadilika. Gemu yenyewe inatoka, halafu inaanza tena. Ndiyo maana skrini inapepesa na unaiona desktopu inachungulia. Mwenye diski ya zamani ya kuzunguka anakaa anasubiri kweli kweli, ili avuke kutoka mtaa mmoja kwenda mwengine akauze alichoiba. Mwaka ule wa 2004 kadi ya michoro isiyo na pikseli sheda, ufundi wa kupaka mwanga na rangi, haikuifungua kabisa, na wenye GeForce4 MX, kadi ya bei nafuu iliyokuwa imeenea, wakabaki kuliangalia boksi. Toleo la mwanzo likaja na kasoro ya aibu kuliko zote: umechagua ugumu wa juu, ukilodi sevu yako unashushwa kwenye ugumu mdogo kuliko uliouchagua bila ya kuambiwa neno. Mtu anajivunia amepita kumbe walinzi wamepumbazwa. Ikabidi kitoke kiraka, yaani faili la kurekebisha gemu. Skrini pana nayo haizijui.

Halafu kuna walivyoviondoa. Mshale wa kamba hamna. Sisi wa nyumba za boriti mshale ule tuliuelewa siku ya kwanza: unaupiga kwenye mti, kamba inashuka, unapanda, unauchomoa unaondoka nao. Ulikuwa unakufanya utazame juu kila unapoingia chumba. Mahali pake wameweka glavu za kuparamia ukuta, unajibandika kwenye jiwe na kujivuta. Na maji! Garrett aliyekuwa akipiga mbizi kwenye gemu mbili nzima, ya tatu akitumbukia kwenye maji ya kina anakufa hapo hapo. Mji una bandari, una Docks, na mwizi aliyekulia humo hajui kuogelea. Nimetoka pwani, hili linanikera kuliko hata kulodi. Njia za majini zilikuwa nusu ya raha ya kutafuta mlango wa siri, wamezifunga zote kwa pigo moja.

Kinachoniumiza ni kwamba waliokuwemo walikuwa mafundi. Steji ya Widow Moira muichukue mfano. Mjane wa kapteni, sisi tungesema yumo edani, amekaa peke yake anaangalia bahari usiku wa tufani, na wewe umekuja kuiba urithi wake. Anataka mvinyo. Unaweza kumpita, na unaweza kwenda kuutafuta mvinyo ukampelekea. Hakuna mshale unaokuelekeza wala alama zinazokusukuma, dhamiri yako tu. Watu wanaoweza kuandika kitu kama hicho hawakustahili kupewa vyumba viwili na ukungu katikati.

Na Shalebridge Cradle, ndiyo, najua mtanitajia, natangulia kuitaja mwenyewe. Jengo lililokuwa makazi ya mayatima na hospitali ya wagonjwa wa akili kwa wakati mmoja, kazi ya mbunifu Jordan Thomas. Nusu ya kwanza hamna adui hata mmoja. Unasikia mambo juu ya dari, unasikia mlango, taa inapepea, na unajua jengo halina mtu. Mikono inatoka jasho kwa kitu ambacho hakipo. Nayo imekatwa vipande viwili, lakini hapo tu katika gemu nzima ndipo kukata hakukuua kitu, maana upande mmoja wamekuwekea upweke na upande wa pili wamekuwekea wenyeji wa jengo. Ukivuka unavuka kweli. Kwengine kote wamekata ilimradi memori ienee.

Msije mkaniambia ni gemu ya zamani tuivumilie. The Metal Age ina miaka minne zaidi na haina ukungu. Na kuna ushahidi mwengine. Wapenzi wa gemu hii, bila ya kulipwa, wametengeneza kitu kinaitwa Sneaky Upgrade: kinakusanya marekebisho, kinaiweka sawa kwenye skrini pana, na kinaziunganisha steji zilizokatwa uzicheze bila ya kuta za kulodi. Steji zile zile, vivuli vile vile. Mlinzi anakufukuza, unaingia ndani, na yeye anaingia nyuma yako. Kumbe kwenye kompyuta iliwezekana.

Mdogo wangu wa Wete, kama unasoma: anza na ya kwanza. Kuna kiraka kilichojitokeza 2012, NewDark, kinaziendesha zile mbili za mwanzo vizuri kwenye Windows za sasa, na kompyuta yako ya mtumba haitotoka jasho. Steji ya kwanza baada ya mafunzo ni nyumba ya Lord Bafford. Mlango wa mbele uwache, tafuta kisima. Valia spika za masikioni, maana gemu hii inasikilizwa kuliko inavyotazamwa. Ukimaliza zote mbili, kuna mamia ya steji zilizotengenezwa na wachezaji wenyewe kwa DromEd, programu ya kuundia steji, za bure, nyengine kubwa kuliko za wenye gemu.

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu:

Aliyeandika kwamba vipande vidogo vinatufaa sisi kwa sababu ya umeme kukatika: gemu zote tatu unasevu pahala popote, wakati wowote, kwa kubofya kidude kimoja. Umeme ukikatika unapoteza ulichofanya tangu sevu ya mwisho, steji iwe kubwa au ndogo. Ukungu haukuokolei kitu.

Aliyesema ukungu ni mapumziko ya mchezaji: mapumziko ya mwizi ni kona ya giza na mlinzi anayepita mbele yake bila kumuona. Hayo umenyang'anywa.

Na wewe mkuu unayesema Cradle peke yake inatosha kumfanya mgeni aanze na ya tatu: Cradle ipo kule mbele, gemu imeshapita nusu. Mpaka mgeni aifikie, anavushwa ukungu kila usiku mjini, kwenda na kurudi, gemu ikizima na kuwaka. Wengi hawafiki. Ukitaka aione, mwambie aweke Sneaky Upgrade kabla hajabofya kuanza, na umwambie wewe mwenyewe kwenye uzi ule ule ulikompoteza.